Je, wajua kwa nini mota ya trekta la umeme husingiziwa?

Unakanyaga kanyagio, "tak" moja inasikika chini ya kiti, kisha kimya. Trekta limekaa palepale kama punda aliyegoma. Wa kwanza kushukiwa ni mota. Inafunguliwa, inapelekwa kwa fundi wa kusuka koili, na mara nyingi inarudi na jibu kwamba ni nzima. Au inarudi ikiwa imesukwa upya kwa fedha nyingi, na trekta bado halisogei hata hatua moja.

Sababu iko kwenye hesabu ndogo. Chukua Elec-Trak, trekta la bustani ambalo kampuni ya General Electric ya Marekani ilianza kulitoa mwaka 1969. Linatumia betri 6 za volti 6, zimefungwa kwa kufuatana, jumla volti 36. Sasa, kazi ya wati 3,600 kwenye umeme wa volti 240 inahitaji ampea 15 tu. Kazi hiyohiyo kwa volti 36 inahitaji ampea 100. Volti zikipungua, ampea hupanda, na ampea nyingi hazisamehe kutu.

Tuseme terminali moja ya betri imeota ule unga mweupe, ikaongeza ukinzani wa omu 0.05. Ni kidogo mno, mita ya kawaida huenda isiuone kabisa. Lakini ampea 100 zikipita hapo, volti 5 zinapotelea njiani na wati 500 zinageuka joto. Ukishika kiungo hicho baada ya safari fupi, utaondoa mkono haraka. Viungo vya namna hiyo kwenye trekta lenye umri wa miaka 50 ni vingi: vya betri, vya fyuzi, vya swichi, vya mota yenyewe.

Hapo ndipo mita inapowadanganya watu. Trekta likiwa limetulia, hakuna umeme unaopita, kwa hiyo hakuna volti inayopotea. Unapima, unasoma 36, unasema "umeme upo, basi mota imekufa". Umeme ulikuwepo kwa sababu tu hakuna aliyeuomba.

Pima wakati mota inaombwa kazi. Vua pete na saa, vaa miwani, inua magurudumu ya nyuma yaache ardhi na uliegemeze trekta kwenye stendi imara, kisha weka ncha za mita kwenye terminali za amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, na umwombe mwenzako akanyage. Volti zikija zote na mota haizunguki, hapo una haki ya kuishuku. Zikija chache, volti zinaliwa kabla hazijafika. Zisipokuja kabisa, njia imekatika mahali fulani: fyuzi, kontakta (swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya umeme), au moja ya zile swichi ndogo za usalama zilizo chini ya kiti, kwenye breki na kwenye wenzo wa gia. Swichi ya kiti peke yake imewafanya watu wengi wafungue mota bure.

Kumpata mla volti si kazi ngumu. Weka ncha moja upande huu wa kiungo, nyingine upande wa pili, mota ikiwa inavuta. Kiungo kizima husoma karibu na sifuri. Ukiona volti nzima au zaidi, umemkamata. Betri nazo zipime moja moja kwa mtindo huohuo. Betri ya volti 6 iliyojaa na kupumzika husoma takriban 6.3, lakini zikibebeshwa mzigo zote sita zinatakiwa kushuka pamoja. Ile inayoporomoka peke yake ina seli mbovu, hata kama asubuhi ilisoma vizuri kuliko wenzake.

Na ile "tak"? Ni kontakta imejivuta, basi. Haithibitishi kwamba nyuso zake za shaba zimegusana sawasawa. Umeme wa nyumbani hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche ya swichi hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa betri hauna sifuri hiyo. Kila kontakta inapoachia, cheche inang'ang'ania na kula nyuso hizo kidogo kidogo, mpaka siku moja inalia bila kupitisha kitu.

Tuseme yote hayo ni mazima na volti zinafika. Anza na brashi za kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye amecha inapozunguka. Ukiigonga mota taratibu kwa mpini wa nyundo ikaamka, brashi zimeisha au zimekwama ndani ya vishikizo kwa vumbi. Komyuteta, ile pete ya vipande vya shaba inayosuguliwa na brashi, ikiwa na afya ina rangi ya kahawia inayong'aa. Wengi huiona chafu na kuisugua bila sababu. Cha kuogopa ni vipande vyake viwili vitatu vilivyoungua vyeusi huku vingine vikiwa safi, kwani mara nyingi hiyo ni koili ya amecha iliyokatika. Ukilazimika kusugua, tumia msasa wa mbao, si ule wa chuma ambao chembe zake huacha madhara kati ya vipande.

Kuna ugonjwa mmoja wa ajabu zaidi: kukatika kwa koili ya fildi, zile nyaya nyembamba zinazotengeneza sumaku kuzunguka amecha. Mota inapozunguka huwa pia jenereta, inazalisha volti zinazosukuma kinyume na za betri, na hizo ndizo zinazozuia ampea zisifurike. Sumaku ikidhoofika, volti za kupinga hupungua, na mota hukimbilia mwendo mkubwa zaidi kuzirudisha. Elec-Trak kubwa hutumia hila hiyo makusudi: ukisukuma wenzo wa mwendo, fildi inapunguziwa umeme na trekta linaongeza kasi.

Lakini fildi ikikatika kabisa, mota yenye mzigo huvuta ampea nyingi, hupata moto, haina nguvu, na fyuzi inakwenda. Isiyo na mzigo inaweza kukimbia mpaka ijiharibu, ndiyo maana magurudumu yakiwa hewani mkono wako usiwe mbali na swichi kuu. Kwa hiyo kabla ya kuiwasha hewani, zima, chomoa nyaya za fildi, upime ukinzani wake: omu kadhaa ni dalili njema, njia isiyopitisha kabisa ni koili iliyokatika. Mota ndogo za sumaku za kudumu hazina koili hiyo, kwa hiyo usihangaike kuitafuta.

Ikibidi mota itoke, funga vikaratasi kwenye nyaya zake kabla ya kulegeza nati ya kwanza. Ukizipishanisha za amecha peke yake, au za fildi peke yake, mota itageuza mzunguko, na utaondoka kinyumenyume huku wenzo ukionyesha mbele.