Klampu ya mpira isiyotaka kufunga: ibane kwanza, bolti baadaye

Anayejijengea ndege huvumilia mengi: kutoboa, kupiga riveti, kupaka rangi. Lakini akifika kwenye chumba cha injini, akakutana na klampu za mpira, zile za namba MS21919 ambazo mafundi tunaziita adel, ndipo utamsikia akitukana. Ni kitu kidogo tu: ukanda wa chuma au alumini uliokunjwa kuwa kitanzi, ndani umevikwa mpira, na ncha zake mbili ni miguu yenye tundu moja moja. Kitanzi kinashika paipu, hosi au fungu la nyaya. Bolti inapita kwenye miguu na kuifunga kwenye fremu.

Tatizo ni kwamba klampu ya saizi sahihi haifungi kwa hiari. Mpira unasukuma, ukanda unarudi kama springi, na miguu inabaki imeachana. Fundi anaibana kwa vidole viwili, cha tatu kinashika bolti, washa iko mdomoni, nati imeshadondoka chini ya injini. Afande mmoja mstaafu ninayemsaidia kujenga ndege yake aliniuliza, “Fundi, kwani mimi sina nguvu za vidole?” Nikamwambia, “Unazo, afande, ila hapa vidole havitakiwi.”

Kazi hii ni mbili, na wengi wanataka kuzifanya kwa mkupuo mmoja. Kwanza unaibana klampu mpaka miguu igusane, na iendelee kubaki hivyo bila mkono wako. Ukishamaliza hilo, ndipo unaleta bolti. Vifaa vyote nitakavyovitaja ni njia tofauti za kufanya lile la kwanza.

Kabla ya kifaa chochote, hakikisha saizi. Namba ya mwisho kwenye jina la klampu inahesabu kipenyo kwa sehemu za 1/16 ya inchi: -8 ni nusu inchi, -12 ni robo tatu. Pima kwa kaliper baada ya rangi kukauka na baada ya kuvisha hosi koti lake la kuzuia joto, si kabla. Kuchukua saizi ya juu ili ifunge kirahisi ni kujidanganya. Hosi itateleza ndani ya klampu na kuanza kusugua. Mimi huagiza saizi moja juu na moja chini ya ile niliyopima, kwa sababu mpaka mzigo ufike uwanja wa Entebbe hapa Uganda, usafiri umeshazidi bei ya klampu zenyewe.

Kisha ifundishe umbo. Chukua kipande cha bomba au shina la keekee lenye unene uleule, ivishe klampu mezani, ibane kwa plaisi mpaka miguu ikutane, iache kidogo, kisha itoe. Unapoivisha kwenye bomba la kweli usiipanue kwa kuvuta miguu kulia na kushoto, maana ukanda utavunjika mkunjo. Ipinde kiubavu, mguu mmoja uje kwako na mwingine uende mbele. Mpira ukikwama, nyunyiza poda ya mtoto. Hanga itanukia kama wodi ya wazazi, lakini grisi na oili siweki, kwa sababu baadhi ya mipira hii inavimba ikigusa mafuta yatokanayo na petroli.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni waya wa usalama, ule wa inchi 0.032 ambao kila fundi wa ndege anao. Zungusha waya kwenye shingo ya klampu, kati ya kitanzi na tundu la bolti, kisha uusokote kwa plaisi yake. Kila msokoto unaisogeza miguu. Angalia ule mkia wa mpira karibu na shingo: uingie ndani ya kitanzi, usibanwe katikati ya miguu, la sivyo bolti itakazwa juu ya mpira na italegea baadaye. Miguu ikigusana, ingiza bolti, funga nati, kisha kata waya na uutoe wote. Nasema wote. Kipande kilichobaki kwenye chumba cha injini kitapata pa kwenda.

Pasipo nafasi ya kusokota, natumia forsepsi, ile mikasi ya madaktari ya kukaba mishipa, yenye meno ya kujifunga. Maduka ya vifaa vya tiba karibu na hospitali ya Mulago, Kampala, yanaziuza. Chukua yenye mdomo uliopinda. Inashika miguu kwa ubavu na kukuachia tundu wazi. Kwa klampu kubwa forsepsi inashindwa. Hapo unataka plaisi ya kujifunga iliyochongwa mwanya kwenye kila taya, ili ibane miguu huku bolti ikipita katikati. Zipo za kununua, ila fundi wa Katwe, hapo hapo Kampala, mwenye grainda atakuchongea ukimpelekea bolti ya mfano.

Matundu yasipolingana, usiyalazimishe kwa bolti yenyewe, utaharibu nyuzi zake. Chukua bolti ndefu ya zamani ya AN3, ile ya 3/16 ya inchi, inoe ncha iwe kama penseli. Ipitishe kwanza, ilinganishe matundu, kisha bolti halisi iifuate kwa nyuma na kuisukuma nje.

Klampu mbili mgongo kwa mgongo, moja kwenye bomba la fremu na moja kwenye hosi, ndizo zinazotoa jasho, maana bolti moja inapita miguu minne. Kila klampu ipate waya wake. Ukizibana kila moja peke yake kwanza, bolti inaingia bila ugomvi.

Nati iliyo mahali pasipofikika naibandika kwenye spana kwa kipande cha masking tepu upande wa nyuma. Mbele ya ukuta wa kuzuia moto, yaani upande wa injini, tumia nati ya chuma tupu kama MS21042. Zile zenye pete ya nailoni mwisho wake ni nyuzi joto 121 za Selsiasi. AN3 inakazwa pauni-inchi 20 hadi 25, basi.

Kisha kuna suala la mpira wenyewe. Soko la Kisekka, Kampala, utapata klampu za gari zinazofanana kabisa na hizi, kwa bei ya soda. Nyingi zina mpira wa EPDM, na huo hauwezi petroli wala oili. Kwenye ndege, paipu ya mafuta inataka mpira wa nitraili, karibu na egzosi silikoni, na kazi za kawaida kloroprini. Nyaya na paipu ya mafuta nazo zisipite pamoja kwenye kitanzi kimoja hata kama nafasi inakubana. Zikilazimika kufuatana, nyaya zikae juu.

Ukimaliza, vuta hosi au fungu la nyaya taratibu kwa urefu wake. Halitakiwi kuteleza. Kisha rudi baada ya saa chache za kwanza za kuruka, kwa sababu viwanja vyetu vya murram vinarusha vumbi jekundu linaloingia kati ya mpira na bomba na kusaga kama msasa. Ukiona mstari uliong'aa pembeni ya klampu, au unga wa kijivu kwenye bomba la alumini, usiongeze kukaza nati. Fungua, futa, kagua bomba kwa kucha na kwa tochi, na uweke klampu mpya.