Siku ya nne

Simu za alfajiri nimeshazizoea. "Nesi, mama leo hainuki. Jumatatu kapata dripu, Jumanne kafua nguo za nyumba nzima, jana kapika pilau, leo hata uji hautaki. Dawa imemshinda?" Swali langu la mwanzo huwa ni lile lile: leo ni siku ya ngapi? Namsikia kijana anahesabu kwa sauti ya chini. Ya nne.

Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa saratani hapa Unguja. Kazi yangu inayoonekana ni kutafuta mshipa, kuweka kanula na kuiangalia dripu. Nyengine, isiyoandikwa popote, ni kuwafundisha watu kuhesabu siku.

Kwa dawa nyingi za kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, kabla ya dripu mgonjwa hupewa deksamethasoni, ili asitapike sana na mwili usipambane na dawa. Mara nyingi huondoka na vidonge vya siku mbili tatu. Deksamethasoni inampa mtu nguvu za kuazima: anakula, anasema kupita kiasi, usiku macho makavu mpaka adhana ya alfajiri. Vidonge vikiisha, nguvu nazo zinarudi kwa mwenyewe. Nyumbani wanaona ugonjwa umepanda ghafla, wanaanza kuitana kutoka shamba na mjini, na mgonjwa akiona watu wanaitana anajua basi, ndio nakufa. Kumbe ni siku ya nne tu, na ya sita au ya saba atauliza kuna kitoweo gani.

Aliyenifunza kulieleza jambo hili ni bibi mmoja wa mashariki, mkulima wa mwani. Kalenda hakuwa na haja nayo. Maisha yake yote yalikwenda kwa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanaposogea kidogo tu, akijua lini maji yatakupwa vya kutosha kumfikisha kwenye vigingi vyake. Alipoanza matibabu alikata kipande cha kamba ya plastiki, ile ile ya mwani, akawa anapiga fundo kila usiku baada ya Isha. Siku nzuri fundo moja. Siku mbaya fundo juu ya fundo. Mzunguko wake, yaani kutoka dripu moja mpaka nyengine, ulikuwa wa siku 21, kwa hivyo kila baada ya mafundo 21 alifunga kipande cha khanga, kisha akaja kwetu.

Aliporudi baada ya mzunguko wa pili aliikunja ile kamba pale penye kitambaa, mzunguko mmoja ukalala kando ya mwengine juu ya kitanda. Mafundo makubwa yalikaa pale pale: la nne, la tano, la sita, halafu la kumi na la kumi na moja, alipokuwa na vidonda vya mdomo. Akacheka. "Mwanangu, kumbe nayo ina bamvua yake."

Wiki ya pili ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu haina kelele. Kemo inaziua seli zinazogawanyika upesi. Seli za saratani ni hivyo, lakini na mizizi ya nywele ni hivyo, ngozi laini ya mdomo na utumbo ni hivyo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu ni hivyo hivyo. Kati ya siku ya 7 na ya 14, takriban, chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi, hushuka chini kabisa. Mgonjwa anaweza kuwa amekaa, anakula, anacheka, naye hana askari hata mmoja mlangoni. Kipimajoto kikisoma 38, hata iwe saa nane za usiku, usingoje asubuhi, njoo hospitali. Na usianze na panadol. Inashusha joto, haiui bakteria, na sisi tunapoteza masaa tukidhani homa imeondoka. Wala usiseme "malaria hiyo" ukenda dukani kununua dozi.

Sasa, wageni. Kwetu mgonjwa asiyetembelewa ni aibu ya mtaa mzima, na sitothubutu kuandika kwamba mlango ufungwe. Mtandikieni barazani penye upepo badala ya chumbani, watoto wa skuli wenye mafua wasalimie kwa mbali, na shangazi anayekohoa apige simu. Dua haihitaji kushikana mikono. Urojo wa nje, embe zilizokwisha kumenywa na pweza aliyelala tangu magharibi, yote hayo yangoje wiki ya tatu.

Kuna jambo moja silipendi kulikumbuka. Zamani, nikiwa mgeni katika kazi hii, alikuja baba mmoja kwa boti kutoka Pemba na mkoba wake umekamilika. Kipimo cha damu kikaonesha chembe nyeupe zinazopigana na maradhi hazijafika 1,500 kwa mikrolita. Nikamwambia, huku naandika, "Zimeshuka, njoo wiki ijayo." Hakusema kitu. Baadaye nilimkuta amekaa chini ya mti hapo nje, anauliza watu nauli ya kurudi, na anaamini tumemkatia tamaa. Siku hizi nakaa kwanza, ndio nasema: uboho wako bado haujamaliza kujenga, tunaupa wiki moja, na ratiba ya dawa iko pale pale.

Mengine nayapitia haraka. Nywele huanza kuanguka wiki ya pili au ya tatu. Ile dawa nyekundu ya kemo, doksorubisini, hutia rangi mkojo siku moja au mbili, na hiyo si damu. Kombe, yaani maji yaliyooshea aya za Kurani, sina ugomvi nalo, ila maji yawe yamechemshwa. Mizizi na majani ndiyo ninayobishana nayo, na watu huniona mzungu kwa hilo. Basi hujibu kwa ua: lile dogo la waridi au jeupe, petali tano, liliojaa kwenye nyua zetu, ndimo inamotolewa vinkristini, mojawapo ya dawa za kemo. Tena dozi ya mtu mzima kwa kawaida haizidi miligramu 2. Nani atakayepima miligramu 2 kwenye sufuria?

Bibi wa mwani baada ya mizunguko minne alibadilishiwa dawa. Alipokuja kwa mzunguko wa saba nilimuuliza kama kuna jipya. Akasema hakuna, alhamdulillah, anataka kumaliza. Nikaishika kamba. Mafundo ya zamani yalikuwa madogo, yamebana, ya mtu aliyefunga mwani miaka yote. Ya mzunguko wa sita yalikuwa makubwa, yamelegea, mengine yamefumuka kabisa.

"Bibi, hebu nifungie fundo moja hapa."

Alijaribu mara tatu. Kamba ilikuwa ikimtoka vidoleni naye haihisi. Nikaiweka dripu pembeni bila kuitoboa, nikenda kumwita daktari.