Je, wajua kwa nini Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, hukataa kufungua programu uliyoipakua mwenyewe?

Chukua steshenari moja pale Mwanga, Kigoma, yenye kompyuta moja tu. Mwenye duka anatunzia humo hesabu zake, kijana wa zamu anachapa barua za wateja, jioni wanafunzi wanakuja na flashi zao. Kompyuta hiyo ikiwekewa Linux, malalamiko huanza mapema: kijana kapakua programu, kaibofya mara mbili, haifunguki. Kajaribu kusakinisha nyingine, kaombwa paswedi. Anaamua kwamba mashine ni mbovu, wakati mashine ni nzima kabisa.

Linux iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 inafuata mtindo wa Unix, mfumo uliozaliwa 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, enzi ambazo kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi. Ilibidi mfumo ujue kila faili ni la nani. Ndiyo maana hadi leo kila faili lina mwenyewe, lina kikundi chake, kisha wanabaki watu wengine wote. Kila upande hupewa au kunyimwa mambo matatu: kusoma, kuandika na kuendesha.

Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike ls -l. Mbele ya faili ulilopakua unaweza kuona, kwa mfano, -rw-r--r--. Kistari cha kwanza kinasema hili ni faili la kawaida. Herufi tatu zinazofuata ni za mwenyewe: r anaweza kusoma, w anaweza kuandika, na pale ambapo x ingekaa pana kistari, maana yake haruhusiwi kuliendesha. Tatu za kati ni za kikundi, za mwisho ni za wengine. Hao wanasoma tu.

Faili linaloshushwa na kivinjari huingia bila ile x, na kwangu mimi huu ni ulinzi wa thamani kubwa. Kitu kibaya kilichojificha ndani ya jina zuri hakiamki kwa kubofywa tu. Lazima mtu aamue. Ukiwa na uhakika na kilikotoka, andika chmod u+x (amri ya kubadili ruhusa, hapa ikimpa mwenyewe ile x) na jina la faili. Sasa itasomeka -rwxr--r-- na programu itafunguka.

Kuna mtego hapa kwa sisi tunaobebeana programu kwa flashi ili kuokoa bando. Flashi nyingi zimeumbizwa kwa FAT32 au exFAT, mifumo ya kupanga faili ndani ya flashi, na mifumo hiyo haina mahali pa kuandika ruhusa za Linux. Utapiga chmod mpaka uchoke. Nakili faili kwenye folda yako ndani ya kompyuta kwanza, halafu ndipo uliwekee ruhusa.

Kusakinisha ni suala jingine. Programu za watumiaji wote hukaa kwenye folda kama /usr/bin, ambazo ni mali ya root, yaani msimamizi mkuu. Wewe una mamlaka ndani ya folda yako iliyo chini ya /home. Kwenye Linux zinazotumia apt, chombo cha kusakinishia programu, kama Ubuntu na Debian, ukiandika sudo apt install audacity (Audacity ni programu ya kuhariri sauti), neno sudo linakufanya uazime mamlaka ya root kwa kazi hiyo. Paswedi mara nyingi haionekani unapoiandika, hata vinukta. Endelea tu, kibodi haijafa. Kijana wa zamu akiwa na akaunti yake na asipowekwa kwenye kikundi cha sudo, hawezi kusakinisha wala kuharibu mfumo, na hesabu za bosi zikifungwa kwa chmod 600, yaani mwenyewe tu anasoma na kuandika, kijana hawezi kuzisoma.

Apt nayo hukagua saini za kidijitali za hazina, yaani ghala la mtandaoni inakochukua programu, kwa hiyo naiamini kuliko tovuti za kuokoteza. Ukitumia apt-get badala ya apt, vifurushi vya .deb, yaani mafaili ya programu zenyewe, hubaki /var/cache/apt/archives. Vichukue, mpelekee mwenzako Ujiji mwenye toleo lile lile la mfumo, naye hatatumia bando lake.

Ila mtu akikushauri uandike sudo chmod -R 777 / ili “kumaliza tatizo la ruhusa”, mkatalie. Amri hiyo humfungulia kila mtu kila faili, tena huifuta alama maalumu ambayo sudo huitegemea kupata mamlaka ya root. Kuanzia hapo sudo yenyewe haifanyi kazi, na wengi huishia kusakinisha mfumo mzima upya.