Nadharia za mawasiliano ya umma si za kukariri

Wengi wanaokuja kusoma shahada ya mawasiliano ya umma huja na hamu ya studio. Wanataka kushika kipaza sauti na kusikia majina yao hewani. Ratiba ikitoka, wanakuta somo la nadharia lililojaa Wamarekani wa miaka ya 1940, na wengine huamua siku hiyo hiyo kwamba hilo ni la kukariri, kufanyia mtihani na kusahau. Mimi ndiye ninayelifundisha, na nalipenda mno. Naamini kinachowachosha wanafunzi ni mifano tunayowapa, maana nadharia zenyewe zina uhai.

Chukua kazi ya Paul Lazarsfeld, mtafiti wa mawasiliano nchini Marekani. Mwaka 1940, yeye na wenzake walikwenda kaunti ya Erie, jimbo la Ohio, kuchunguza jinsi wapiga kura wanavyochagua kati ya wagombea urais wa Marekani, Franklin Roosevelt na Wendell Willkie. Walilihoji kundi lile lile la watu 600 mara kwa mara, kuanzia Mei hadi Novemba. Enzi hizo wengi waliamini kwamba ujumbe wa redio humwingia msikilizaji kama dawa ya sindano. Watafiti wakakuta kwamba walioacha mgombea mmoja na kumfuata mwingine kwa sababu ya redio au gazeti ni wachache. Watu waliwasikiliza zaidi watu wenzao, hasa yule jirani au mfanyakazi mwenzao anayefuatilia habari kuliko wengine. Hapo ndipo lilipotoka wazo la mtiririko wa hatua mbili: habari humfikia kwanza kiongozi wa maoni, naye huifikisha kwa wengine pamoja na tafsiri yake.

Sasa tuiache Ohio tuje Tanzania ya 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya. Malaria, minyoo, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu vilikuwa vinaua na kudhoofisha watu vijijini. Redio ilikuwepo, na ingekuwa rahisi kusoma matangazo ya afya kila jioni na kuhesabu kazi imekwisha. Haikufanyika hivyo. Kwa wiki 12 watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi pamoja, wakasomewa sehemu ya kijitabu, kisha wakajadili: hapa kwetu maji yanatuama wapi, na nani hana choo? Mjadala ulitakiwa uishie kwenye uamuzi wa kazi. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na washiriki walifikia takriban milioni 2. Vyoo vikachimbwa, nyasi zikafyekwa, madimbwi yakafukiwa.

Sidai kwamba waandaaji walikuwa na kitabu cha Lazarsfeld mezani. Ninachosema ni kwamba walielewa jambo lile lile: redio hupeleka habari, lakini mtu huamua akiwa na wenzake. Ukilielewa hilo, utalitazama kwa jicho jingine kundi la WhatsApp la ukoo wenu. Ujumbe kuhusu chanjo hauaminiwi kwa sababu ya aliyeuandika, wengi hawamjui. Unaaminiwa kwa sababu shangazi ndiye aliyeutuma. Ofisa mawasiliano anayebandika bango mtandaoni na kuripoti idadi ya waliolitazama amepima hatua ya kwanza tu. Naona hili kwenye miradi mingi, na linanisikitisha, kwa kuwa fedha hutumika na tabia za watu hubaki zilivyokuwa.

Nadharia ya kuweka ajenda, yaani vyombo vya habari kutuelekeza tuyaone masuala gani kuwa makubwa, ni rahisi zaidi kufundisha. Watafiti McCombs na Shaw waliwahoji wapiga kura 100 wa Chapel Hill, Marekani, mwaka 1968, ambao walikuwa bado hawajaamua wampigie nani, wakakuta kwamba masuala waliyoyaona makubwa ndiyo yale yaliyopewa uzito na vyombo vya habari. Kwa somo hili huwatuma wanafunzi wakusanye kurasa za mbele za Mwananchi, Nipashe na HabariLeo za wiki nzima, kisha waende kijiweni wakaulize watu wanasumbuliwa na nini. Kurasa na kijiwe zisipolingana, ndipo darasa huchangamka kweli.

Kwa hiyo ukienda kwenye mafunzo kwa vitendo, jifunze kuhariri sauti, jifunze kuandika aya ya kwanza inayobeba habari, lakini pia muulize mtayarishaji kipindi chake kinazungumzwa wapi kikishaisha, na nani anakibishia.

Na wewe wa mwaka wa tatu unayehangaika na mada ya utafiti: aliyekuwa na miaka 25 wakati wa Mtu ni Afya sasa amevuka 75. Wapo bado vijijini kwetu, pengine hata nyumbani kwenu, na kumbukumbu zao nyingi hazijaandikwa. Nenda na kinasa sauti. Muulize nani alisoma kijitabu, nani alikataa, mkutano ulimalizwaje, na choo cha kwanza kilichimbwa kwa nani.