Notisi ya kubomoa jengo si amri ya kuhama: ruzuku za kufufua nyumba za umma Marekani

Mpangaji wa nyumba za umma akikuta karatasi mlangoni inayosema jengo lake limepata ruzuku ya serikali na litabomolewa, wazo la kwanza ni kufunga mizigo. Tunaliona sana kwa familia za Wakongo zilizoletwa Marekani kupitia kambi kama Nyarugusu au Kakuma. Watu hawa wamehamishwa mara nyingi mno kiasi kwamba barua yenye nembo ya serikali wanaijua kwa shari tu. Basi wanaondoka mapema, wanajibana kwa ndugu, na kwa kuondoka huko wanaziacha nyuma haki walizowekewa na sheria.

Tuanze na fedha zenyewe. Ruzuku hii haiingii mfukoni mwa mpangaji. Inatolewa na Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, HUD, kwa mamlaka ya nyumba ya mji na washirika wake, na miji hushindania. Mpango ulioanza mwaka 2010 unaitwa Choice Neighborhoods. Una ruzuku ndogo ya kupanga na ruzuku kubwa ya utekelezaji. Agosti 2011 miji mitano ya kwanza, yaani Boston, Chicago, New Orleans, San Francisco na Seattle, iligawana takriban dola milioni 122 za utekelezaji. Ukizisikia unadhani ni nyingi, lakini kwa ujenzi wa mamia ya nyumba hicho ni kianzio tu. Zinazobaki hutoka benki, kwenye bajeti ya mji, na kwa wawekezaji wanaopata nafuu ya kodi ya mapato kwa utaratibu ulioanzishwa mwaka 1986. Kila chanzo kina masharti na kalenda yake, ndiyo maana jengo linaweza kubomolewa leo na la kuchukua nafasi yake likakamilika baada ya miaka kadhaa.

Kabla ya hapo kulikuwa na HOPE VI, na wenyeji wakiusikia mpango wowote mpya wanaupima kwa huo wa zamani. Mwaka 1992 tume iliyoundwa na Bunge la Marekani ilieleza kwamba takriban nyumba 86,000 za umma zilikuwa zimechakaa vibaya. Kati ya 1993 na 2010 HOPE VI ilitoa ruzuku 262 za ufufuaji, zaidi ya dola bilioni 6. Palipokuwa na maghorofa yenye lifti mbovu na ngazi za giza pakajengwa mitaa ya nyumba nadhifu zenye baraza mbele, na watu wa vipato tofauti wakaishi pamoja. Hilo lilifanikiwa sehemu nyingi, hakuna haja ya kulikana. Lakini zaidi ya nyumba 90,000 zilibomolewa, na zilizojengwa mahususi kwa watu wa kipato cha chini kabisa zilikuwa kama 55,000. Bunge lilikuwa limeondoa sharti la kurudisha nyumba moja kwa kila iliyobomolewa. Wapangaji wengi wa zamani hawakurudi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo dosari kubwa ya mpango ule. Mtaa ulifufuka, ila kwa faida ya watu wengine.

Choice Neighborhoods ulirudisha sharti hilo: nyumba moja ya ruzuku ikibomolewa, moja ijengwe. Katika miji yenye nyumba tupu tele, sehemu inaweza kufidiwa kwa vocha, yaani msaada wa serikali wa kulipia sehemu ya kodi kwa mwenye nyumba binafsi. Mfano wa kuutazama kwa karibu ni Yesler Terrace, Seattle, mtaa wa nyumba za umma uliofunguliwa mwaka 1941. Ulikuwa na nyumba 561, na wakazi wengi wa miaka ya karibuni walikuwa wahamiaji, wakiwemo Wasomali, Waethiopia na Wavietinamu. Mpango uliahidi kurudisha zote 561 kwa watu wa kipato kilekile, na mamlaka ya nyumba ikauza baadhi ya viwanja kwa makampuni binafsi ili kupata fedha za kujengea. Kwa hiyo anayerudi atakuta minara ya watu wenye pesa pembeni yake. Wengine hawaupendi mpango wa namna hii. Mimi nauona bora kuliko wapangaji kupotea kwenye hesabu kama ilivyokuwa kwa HOPE VI.

Sasa turudi kwenye ile karatasi mlangoni. Notisi ya kwanza kwa kawaida ni ya taarifa tu, na huwa imeandikwa humo kwamba usihame kwa sasa. Sheria ya mwaka 1970 kuhusu watu wanaohamishwa na miradi ya serikali kuu inataka upewe notisi ya maandishi ya angalau siku 90 kabla ya kutakiwa kuondoka, uonyeshwe nyumba mbadala inayofaa, na gharama za kuhama zilipwe. Ukiondoka kabla ya wakati bila kuandikiana na mamlaka, wanaweza kukuhesabu kama uliyehama kwa hiari yako, na fidia ikakupita.

Haki ya kurudi kwenye nyumba mpya zikikamilika ina sharti moja zito: uwe unautii mkataba wa upangaji siku unayoondoka, na uendelee hivyo huko unakohamia. Hapa ndipo watu wanapoangukia. Kodi ya nyumba iliyolimbikizwa, ndugu anayeishi kwako bila jina lake kuwa kwenye mkataba, kipato kipya ambacho hakikuripotiwa: yote haya huibuka faili linapofunguliwa. Kama una deni, omba makubaliano ya kulipa kidogo kidogo, na uyapate kwa maandishi kabla ya uhamisho.

Ukichagua vocha, ile ambayo wengi wanaiita Section 8, ujue mambo mawili. Muda wa kutafuta nyumba ni angalau siku 60, na nyongeza huombwa kabla haujaisha. Pili, katika nyumba nyingi za umma umeme na gesi vimo ndani ya kodi, lakini kwa mwenye nyumba binafsi bili zinaweza kuja kwa jina lako. Watafiti waliofuatilia familia za HOPE VI waliona nyingi zikihangaika hapo hasa, na huduma ikikatwa kwa sababu ya deni unaweza kuipoteza vocha yenyewe.

Ukihama, peleka anwani na namba ya simu mpya ofisini kwa maandishi kila zinapobadilika, na ubaki na nakala yenye tarehe. Barua ya kukualika urudi itatumwa kwenye anwani iliyomo kwenye faili. Kwenye mikutano ya wakazi omba mkalimani wa Kiswahili mapema. Mtoto wa shule ya msingi asibebeshwe kazi ya kutafsiri mkataba. Na ukinyimwa nafasi ya kurudi, dai sababu kwa maandishi na uombe kusikilizwa rasmi ndani ya muda uliotajwa kwenye barua hiyo, kwa sababu huo muda ukipita huwa vigumu kuufungua tena.