Je, wajua kwa nini kotado huwa tamu bila kutiwa sukari?

Kotado ni kahawa ya gilasi ndogo: espreso (kahawa nzito inayokamuliwa kwa shinikizo la mashine) na maziwa moto, kiasi kwa kiasi, na yote pamoja haifiki mililita 120. Jina ni la Kihispania, maana yake "iliyokatwa", kwa sababu maziwa hukata ukali wa kahawa. Sukari haimo, ila ulimi hukataa kuamini.

Utamu huo ni wa laktosi, sukari ya maziwa yenyewe, ambayo ni karibu asilimia 5 ya maziwa ya ng'ombe. Wengi hudai kwamba mvuke wa mashine unaopasha maziwa huivunja laktosi ikawa tamu zaidi. Si kweli: nyuzi 60 kwa muda mfupi hivyo haziivunji. Ulimi ndio huonja utamu vizuri zaidi maziwa yakiwa na joto la wastani kuliko yakiwa baridi. Tena protini za maziwa hushikamana na baadhi ya vitu vichungu vya kahawa, na uchungu ukipungua, utamu uliojificha hujitokeza.

Kwa hiyo joto ndilo la kuchunga. Lenga nyuzi 55 hadi 60. Ukipita 70, protini huanza kuharibika, harufu ya maziwa yaliyochemka huingia na povu laini hugeuka mapovu makubwa. Nairobi tumelelewa na chai inayochemka hadi kufurika sufuria, basi kahawa isiyounguza midomo tunaiona imepoa. Ukiitaka moto zaidi, pasha gilasi, usiongeze joto la maziwa. Maziwa ya pakiti yamekwisha kuuliwa vijidudu kiwandani, kwa hiyo nyuzi 60 zinatosha. Maziwa mabichi ya mchuuzi yachemshe kwanza, kisha yapoze kwenye friji.

Saga gramu 18 za kahawa, upate gramu 36 za espreso kwa sekunde 25 hadi 30. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ndiyo maana mashine iliyowekwa nyuzi 96 hutema mvuke na kufoka kabla hujafunga kishikio cha kahawa. Haijaharibika: maji yakitoka kwenye shinikizo huchemka papo hapo. Yamwage kidogo hadi yatiririke kimya, au shusha kipimo hadi 93.

Maziwa unayohitaji ni kama mililita 40, lakini pasha 100 kwenye jagi dogo, maana machache mno huungua kabla hayajazunguka. Fungua mvuke hewani kwanza utoe maji yaliyolala kwenye bomba. Katika kinywaji kidogo hivi, kijiko kimoja cha maji huonekana. Ncha ya bomba iguse uso wa maziwa, usikie mlio kama karatasi ikichanwa, sekunde 2 tu. Kisha izamishe kidogo, maziwa yazunguke. Kiganja kikishindwa kukaa ubavuni mwa jagi, funga. Uso wake ung'ae kama rangi mbichi ya ukutani.

Na ikiwa kila kitu kiko sawa lakini kotado ina ladha ya mala, tazama kahawa yenyewe. Kahawa ya Nyeri au Kirinyaga ina uchachu mwingi wa matunda, na ikikaangwa kidogo tu, uchachu huo ndani ya maziwa huonekana kama maziwa yamelala. Nunua iliyokaangwa wastani.