Kutu ni nini hasa?

Tunasema kutu "inakula" chuma, na usemi huo umewaponza wenye magari wengi. Ukidhani kuna kitu kimetua juu ya bodi kinaitafuna, utaona ukikifuta au kukifunika kazi imekwisha. Kumbe kutu haikutoka kokote. Ni chuma chenyewe, kimeungana na oksijeni ya hewani penye maji, kikageuka unga wa kahawia nyekundu usio na nguvu.

Wafipa wa upande wa Sumbawanga waliifanya kazi hii kinyumenyume. Walijenga malungu, tanuri za udongo ndefu kupita kimo cha mtu, wakachoma humo mawe yenye chuma kwa mkaa. Moto wa mkaa uliyapokonya mawe oksijeni, kikabaki chuma. Kutu ni chuma kurudi kilikotoka. Hata wekundu wa udongo wa Iringa unaong'ang'ania viatu ni oksidi za chuma, ndugu wa hiyo kutu ya mlangoni kwako.

Alumini nayo huungana na oksijeni, ila utando wake hushika na kuziba kama gaga la kidonda. Kutu hubanduka, ikapitisha maji na hewa, na chuma cha chini kikaanza kugeuka nacho. Kwa hiyo mwenye Land Rover 109 akijisifu kwamba gari lake halishiki kutu, mwamini nusu. Sehemu kubwa ya bodi ni alumini, kweli, lakini chesisi ni chuma. Juu linang'aa, chini bisibisi inazama. Na pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini ndiyo inayoumia, inatoa unga mweupe.

Kutu pia huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana rangi huvimba malengelenge. Ukiyaona, ujue kazi ilianza chini zamani.

Mbeya tuko mbali na chumvi ya bahari, hiyo ni heri yetu. Lakini mvua zinaanza Novemba na kutufikisha Aprili au Mei, na asubuhi za Uyole zina ukungu na umande unaochelewa kukauka. Mvua kubwa inayopita haitishi kama maji kidogo yanayokaa: tope lililojibana ndani ya madigadi, zulia lililolowa kwa sababu mpira wa kioo unavuja, mlango ulioziba matundu yake ya chini. Kubadilika kwa chuma huendeshwa na umeme mdogo unaopita ndani ya huo unyevu, na chumvi huurahisishia njia. Pikapu inayobeba mbolea ya viazi huoza sakafu mapema kwa sababu mbolea nyingi za dukani ni chumvi. Vivyo hivyo gari lililotumika sehemu za theluji za Japani, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi: chungulia chini kabla hujatoa hela.

Sasa tiba. Kama kutu ni chuma kilichogeuka, hakioshwi kikarudi. Kwangua kwa brashi ya waya au grinda mpaka chuma king'ae, tena uvuke kidogo mpaka wa doa. Gonga, choma na bisibisi. Ikipenya, hapo hakuna dawa: kata, chomelea kiraka. Fundi anayejaza pati, ule uji mzito wa kuzibia mashimo ya bodi, juu ya kutu amekuuzia miezi michache, maana pati hunyonya maji na kuyatunza hapohapo.

Vishimo ambavyo brashi haifiki hupakwa dawa ya kugeuza kutu. Zipo zenye asidi ya fosforiki, zipo za tanini, ileile inayokamuliwa kwenye magome ya miwati ya Njombe kwa kusindika ngozi za wanyama. Tanini ikikutana na kutu hutengeneza utando mweusi ulio mtulivu zaidi. Ni msaada, lakini haiponyi bati lililokwisha kuwa jembamba kama karatasi.

Praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, ipakwe siku hiyohiyo. Chuma kitupu kikilala nje Uyole, asubuhi kimeshakuwa cha njano. Ile yenye zinki ni nzuri, kwa sababu zinki hujitoa ioze kwanza badala ya chuma, kama inavyofanya kwenye mabati ya nyumba. Pati, kama ni lazima, ije juu ya praima.

Oili chafu chini ya gari naielewa, ni ya bure. Ila inalainisha mpira wa bushi, inadondokea udongo, na mvua ikizidi inaondoka. Grisi au nta iliyopulizwa ndani ya chesisi hukaa zaidi. Kiraka kilichochomelewa usikiangalie mbele tu: joto limeunguza rangi ya upande wa nyuma, na fundi wengi hawafiki huko. Mwambie akupulizie nta huko nyuma kabla hajarudisha kava la mlango.